Kuwapima Washindani Kabla ya Kukopa: Vijana na Habari za Gemu

(Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos. Tumeiandika karibu vile ilivyosemwa. – Mhariri)



Nimeombwa na kamati ya mikopo niseme juu ya ombi moja lililo mezani. Kikundi cha vijana kinaomba shilingi 90,000 kutoka kwa mfuko wetu wa kukopeshana, ili waanzishe tovuti ya habari za michezo ya video, yaani hizi gemu ambazo watoto wetu wanacheza kwa simu na kwa vile vibanda vya PlayStation. Nimesikia wazee wakinong'ona hapa ati hiyo si kazi, ni mchezo. Na nimesikia vijana wakisema ati wazee hawaelewi dunia ya sasa. Mimi sikuja kuamua ni nani ana haki. Nimekuja kwa sababu pesa zile zimetoka kwa miche, kwa mbuzi na kwa vyondo vya akina mama hawa walio mbele yangu. Zikipotea, kuna mtu atashindwa kulipa karo Januari.

Kwanza niwatoe wasiwasi wazee. Kuandika habari za gemu ni kazi ambayo watu wameifanya muda mrefu. Huko Uingereza gazeti la Computer and Video Games lilianza mwezi wa Novemba 1981. Huko Japani Famitsu ilianza 1986. Kwa intaneti, IGN na GameSpot zote zilianza mwaka wa 1996. Kwa hivyo watu wameandika habari hizi, wakalipwa mishahara, wakasomesha watoto, kwa zaidi ya miaka 40. Na hapa kwetu wachezaji wako, tena wengi. Mwaka wa 2018 msichana Mkenya, Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wanamjua kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU kucheza gemu ya Tekken. Wako Wakenya wanaotengeneza gemu pia. Wesley Kirinya wa Nairobi na mwenzake wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts mwaka wa 2009, na mwaka wa 2015 Wakenya wengine wakatoa gemu iitwayo Nairobi X. Hakuna haya yoyote katika kazi hii.

Lakini kazi kuwa nzuri si kusema kwamba wewe utaipata. Mnakumbuka katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu alitoa mifano miwili pamoja. Ule wa mtu anayejenga mnara tunaupenda sana, kila harambee unasomwa. Huu wa pili tunauruka: mfalme mwenye askari elfu kumi, anayeketi kwanza chini afikiri kama ataweza kumkabili yule anayekuja na elfu ishirini. Wa mnara alihesabu pesa zake. Mfalme alihesabu watu wa mwenzake. Vijana wetu wamehesabu pesa vizuri sana, nimeona karatasi yao, kila shilingi imeandikwa. Ni lile hesabu la mfalme ambalo bado.

Katika karatasi yao kuna sehemu iliyoandikwa "Washindani". Wameandika IGN, GameSpot na Kotaku. Halafu chini yake wameandika: "Hapa Machakos hatuna mshindani." Ni mistari miwili tu. Nataka tuikalie hiyo mistari miwili, kwa maana yote miwili inapotosha.

Wacha nianze na mashine ya kusaga, kwa sababu vikundi vingi hapa vimewahi kuwa nayo au vimewahi kuitamani. Ukiuliza mwenye mashine, mshindani wako ni nani? Atakuonyesha mashine ya ng'ambo ya kilima. Sawa. Lakini kuna unga wa pakiti dukani, ambao mama anaununua siku ya mvua wakati njia haipitiki. Kuna kinu na mchi nyumbani, kama ni muthokoi anataka. Na siku ya njaa kuna kukosa mahindi kabisa. Hizo zote zinamtoa mteja kwako, na hakuna hata moja yenye injini. Mashine kubwa ya unga huko Nairobi haiko katika hesabu yake hata kidogo mpaka pakiti yake ifike kwa duka la jirani. Mshindani ni kile kitu ambacho mteja wako anakitumia sasa hivi, leo asubuhi, na ambacho itabidi akiache ndipo aje kwako.

Sasa tuulize hivyo kuhusu gemu. Kijana wa Kathiani au wa Masii akitaka kujua habari, anapata wapi leo? Mara nyingi hafungui IGN. Anamuuliza mwenye kibanda, yule anayekaa pale na funguo za umeme na kukusanya pesa za mechi. Yule anajua gemu mpya imefika lini, ni nani alishinda Jumapili, na ni kibanda gani kina mashine zinazokwama. Halafu kuna kundi la WhatsApp la wachezaji wa mtaa. Kuna kijana fulani wa TikTok anayeongea haraka haraka kwa dakika moja. Na kuna rafiki tu, darasani au kwa stendi ya bodaboda. Hawa ndio washindani wenu, vijana, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa kwenye karatasi.

Kwa nini nasema wale wakubwa si washindani wenu? Kwa sababu hamwendi kupigana nao, na mkienda mmeshindwa kabla ya kuvaa viatu. Chukueni mfano. Mwezi wa Mei 2025 kampuni ya Rockstar ilitangaza kwamba gemu yake ya Grand Theft Auto VI imeahirishwa mpaka Mei 2026, na Novemba 2025 ikatangaza tena kwamba imesogezwa hadi tarehe 19 Novemba 2026. (Gemu yenyewe sikusifu, Padre, nitairudia.) Habari ile ilizunguka dunia nzima kabla chai haijapoa. Mwandishi wetu akikaa hapa Machakos aitafsiri, aipange, aiweke kwa tovuti, msomaji ameshaiona mara ishirini. Tena tangu mwaka wa 2024 ukiuliza Google swali kama hilo, mara nyingi inakuandikia jibu yenyewe juu kabisa, wala huhitaji kufungua tovuti ya mtu yeyote. Habari ambayo kila mtu anayo haiuziki. Wachongaji wa Wamunyu wanajua jambo hili tangu zamani. Mutisya Munge alirudi na ufundi ule kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukaenea, ukalisha nyumba nyingi. Lakini mmoja akichonga twiga akauza, wiki inayofuata barabara imejaa twiga, na mnunuzi anakaa ndani ya gari akitaja bei anayotaka yeye.

Kwa hivyo ukipima mshindani, swali la kwanza ni hilo: msomaji yuko kwa nani sasa? Swali la pili watu wengi hawaulizi, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Huyu mshindani anakula wapi?

Hebu niwape hadithi za huko nje, kwa maana zinafundisha. Marekani kulikuwa na gazeti la gemu linaitwa Game Informer, lilianza 1991. Lilikuwa na wasomaji wengi mno. Lakini mwenyewe alikuwa ni kampuni ya maduka, GameStop. Gazeti lilikuwa linasaidia duka kuuza. Duka likiwa katika shida, Agosti 2024, gazeti likafungwa, miaka 33 ya kazi ikaisha kwa siku moja. Machi 2025 likafufuliwa na mwenye mpya, kampuni ya kutengeneza gemu inayoitwa Gunzilla. Mnaona? Lilikufa bila wasomaji kulikimbia. Lilikuwa linakula kwa meza ya mtu mwingine.

Ya pili. Novemba 2007 mwandishi wa GameSpot, Jeff Gerstmann, aliandika kwamba gemu moja iitwayo Kane & Lynch haikumridhisha. Wakati huo huo tovuti ilikuwa imepakwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Mwandishi akafutwa kazi. Miaka baadaye, 2012, alieleza waziwazi kwamba ilihusiana na shinikizo la watangazaji. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha tovuti yao, Giant Bomb, na baadaye wakaanza kuwaomba wasomaji walipe wenyewe. Mwaka wa 2023 waandishi waliotoka Kotaku wakafanya vivyo hivyo, wakaanzisha Aftermath, inayomilikiwa na waandishi wenyewe na kulipiwa na wasomaji. Hiyo inafanana sana na mwethya wetu. Lakini angalieni vizuri kabla ya kuiga: wale walikuja na wasomaji ambao walishawajua kwa majina kwa miaka mingi. Hawakuanza na kurasa tupu.

Turudi nyumbani sasa. Mwenye kibanda anakula wapi? Anakula kwa mechi. Habari anaitoa bure, kwa sababu habari inaleta watu wacheze. Huwezi kumuuzia mtu kitu ambacho jirani yako anakigawa bure, na anaweza kukigawa hata miaka kumi bila kuchoka. Admin wa WhatsApp anakula wapi? Wengine hawali popote, wanapenda heshima tu. Huyo ni mshindani mgumu kuliko wote, kwa maana hafilisiki. Na yule kijana wa TikTok? Hapo nataka akina mama mnisikilize.

Wengi wanaoongea habari za mpira na za gemu mitandaoni wanakula kwa kamari. Si wote, lakini wengi. Katikati ya habari anakuambia bonyeza hapa, weka shilingi ishirini. Yeye anaweza kutoa habari bure, na picha nzuri, na simu nzuri, kwa sababu kuna anayemlipia. Msomaji analipa, ila analipa kwa mlango wa nyuma, na wakati mwingine analipa kwa pesa aliyopewa ya unga. Vijana wetu wakiingia soko hili watapimana na mtu kama huyo, na baada ya miezi mitatu bila mapato, simu itapigwa na mtu mpole sana mwenye matangazo ya kuweka. Ni afadhali tuamue leo, tukiwa tumeshiba na tumetulia, kwamba jibu ni hapana. Nasema hivi kwa sababu ya imani yetu, na pia kwa sababu ya biashara yenyewe. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya serikali ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa sahihi. Aliyekuwa anategemea mlango huo mmoja aliuona umefungwa asubuhi bila kuulizwa.

Basi sasa mtasema, huyu amekuja kuua mradi. La. Nimeanza na wenye nguvu ili tujue wanakoishia, kwa maana kila mwenye nguvu ana pahali mkono wake haufiki.

Mwandishi wa Marekani hawezi kujua kwamba Jumamosi kulikuwa na mashindano Tala na mshindi ni mvulana wa kidato cha tatu. Hawezi kujua bei ya PlayStation iliyotumika hapa Machakos mjini, wala ni fundi yupi anaitengeneza bila kuiba sehemu zake. Hata majina hajui. Kampuni ya EA iliacha jina la FIFA mwaka wa 2023 ikaiita gemu yake EA Sports FC, lakini ingia kibanda chochote, bado wanasema "tucheze FIFA". Mwenye kibanda naye anajua kibanda chake tu, cha Mwala hakijui cha Wamunyu. Kundi la WhatsApp linajua mengi lakini linasahau yote. Ujumbe wa jana umefunikwa na utani mia moja, na ukiuliza nani alishinda mwezi uliopita utapata majibu matano. Wa TikTok na wa YouTube wanatumia video, na video inakula data. Maandishi na picha moja ndogo ni nyepesi, mtu anasoma kwa shilingi kidogo sana. Hapo kuna mwanya.

Na kuna mwanya mwingine ambao mimi naupenda kuliko yote, Padre, na hapa narudi kwa ile gemu niliyosema. Wazazi hatujui watoto wanacheza nini. Mama anaona mtoto ametulia na simu, anashukuru Mungu. Sasa, gemu nyingi zinazouzwa zinawekwa alama ya umri. Ulaya wana alama za PEGI tangu 2003, zimeandikwa 3, 7, 12, 16 na 18. Marekani wana zao za ESRB tangu 1994. Ile Grand Theft Auto V iliyotoka 2013 ina alama ya 18, lakini nendeni vibandani mwone ni watoto wa umri gani wameishika. Mtu akieleza mambo haya kwa Kiswahili rahisi na kwa Kikamba, gemu kwa gemu, hii ni ya mpira haina ubaya, hii ina damu, hii inamwomba mtoto anunue vitu kwa M-Pesa ya mama, nani atashindana naye? Msomaji hapo si mtoto tu. Ni mzazi, ni mwalimu, ni mwalimu wa Sunday School. Angalieni kwa bidii kama yuko anayefanya hivyo tayari. Akiwako, mpimeni. Kama hayuko, jiulizeni kwa nini.

Hilo "kwa nini" ni muhimu. Mtu akipata nafasi tupu sokoni anafurahi. Lakini akina mama wanaouza nyanya wanajua kuna nafasi tupu ambayo ni tupu kwa sababu mvua ikinyesha maji yote yanapita pale. Vijana waliandika "hatuna mshindani" kama habari njema. Inaweza kuwa njema. Inaweza pia kuwa watu wengine walijaribu, wakakuta wasomaji wapo lakini hakuna wa kulipa, wakaondoka kimya. Watafuteni hao waliojaribu. Kurasa zilizokufa bado ziko mitandaoni, tarehe ya mwisho imeandikwa pale. Angalieni waliandika nini mara ya mwisho, na kama inawezekana mpigieni mwenyewe simu. Mtu aliyefunga duka anaongea ukweli kuliko mwenye duka wazi.

Mfano wa nafasi iliyokuwa tupu na ikazaa tunao karibu. Kule Nthongoni, upande wa Makueni, muungano wa vikundi vya akina mama ulianzisha Redio Mang'elete, ikaanza kutangaza mwaka wa 2004. Vilikuwa vikundi kama hivi vyetu, vya visima na mashamba. Hawakujaribu kuwa Nairobi. Walichukua mambo ya kijiji, kwa Kikamba, ambayo stesheni ya Nairobi haiwezi kupoteza dakika moja kuyasema.

Lakini hata ukipata mwanya, usidhani wengine wamelala. Yule mfalme wa elfu ishirini naye ana macho. Musyi FM au Mbaitu FM wakiona habari za gemu zina wasikilizaji, kesho wanaweza kuweka kipindi, na minara wanayo tayari. Admin wa WhatsApp atachukua matokeo yenu, ayabandike kwa kundi lake bila kusema asante. Kwa hivyo katika daftari, kando ya kila jina, andikeni: huyu akituona atafanya nini? Kama jibu ni "atanakili kwa dakika moja", basi tafuteni kitu ambacho hakinakiliki. Mkiwa ninyi ndio mnaopanga mashindano kati ya vibanda, ratiba ni yenu, jedwali la pointi ni lenu, na anayenakili anawatangazia bure.

Na yule mfalme, kama mnakumbuka, akiona hawezi anatuma wajumbe wa amani mapema, mwenzake akiwa bado mbali. Sioni haja ya kupigana na wenye vibanda. Nendeni kwao. Karatasi ya matokeo ibandikwe ukutani kwao, jina la kibanda liwe juu, wao wachange kidogo. Mshindani wa jana anakuwa mwanachama, kama vile katika mwethya jirani mnayegombana naye juu ya mpaka bado anakuja kuchimba matuta kwako, kwa sababu wiki ijayo ni zamu yake.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme vibanda 12 vinakubali, kila kimoja shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa wiki, kama 9,600 kwa wiki nne. Mkopo wa 90,000 kwa miezi 12 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, mwezi wa kwanza wanalipa 7,500 na riba 900, jumla 8,400. Wanabaki na 1,200 ya data, usafiri na jasho la watu watatu. Kibanda kimoja kikitoka, wanabaki na 400. Viwili vikitoka, wameanza kudaiwa. Lakini wakikopa 15,000 kwanza, mwezi wa kwanza wanalipa 1,250 na riba 150, yaani 1,400, wanabaki na 8,200. Mradi ni ule ule na washindani ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mmoja anaweza kukosea mara mbili tatu akaendelea, na mwingine hawezi kukosea hata mara moja. Katika ile 90,000, sehemu kubwa ni kompyuta mpya na kamera. Mwenye kibanda hana kamera na anawashinda.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili. Msikatae, na msitoe 90,000. Wapeni vijana wiki nane. Katika hizo wiki wasifungue tovuti yoyote. Watoe karatasi moja kila wiki, iliyoandikwa hata kwa mkono na kupigwa kopi, na ujumbe wa WhatsApp, kwa vibanda sita. Upande mmoja matokeo na bei, upande wa pili maelezo ya gemu moja kwa wazazi. Watu wakianza kuuliza "ya wiki hii iko wapi?" kabla haijafika, hapo kuna kitu. Wasipouliza, tumepoteza karatasi na kopi tu.

Na kabla ya hiyo, wakae. Kila kijana achague vibanda viwili, akae Jumamosi nzima na siku moja ya katikati ya wiki, asiongee sana. Naomba jambo moja juu ya kuuliza maswali. Msiulize mtu, "Je, ungependa tovuti ya habari za gemu?" Kila mtu atasema ndiyo, sisi ni watu wa adabu, hatumkatalii mgeni. Ulizeni alichofanya. Mara ya mwisho ulitaka kujua jambo la gemu, lilikuwa gani? Ulimuuliza nani? Alikujibu? Ulitumia pesa yoyote? Ulipokosa, ulifanya nini? Mtu akisema "nilikosa nikaacha", andika. Mtu akisema "nilipanda matatu mpaka Machakos kuuliza bei", hiyo andika na upige mstari chini, kwa sababu amelipa nauli kutafuta kitu ambacho mnataka kumpa.

Daftari liwe na jina la kila mshindani, anatoa nini, saa ngapi, anakula wapi, mkono wake haufiki wapi, na akituona atafanya nini. Wale wa kibanda na wa WhatsApp waandikwe kwanza. IGN wakae ukurasa wa mwisho, kwa heshima.

Mweka hazina ameniambia mkutano wa kamati ni baada ya wiki kumi. Wiki mbili za kukaa, nane za karatasi, zinatosha. Daftari liletwe kwake siku tatu kabla, na liletwe na wale vijana walioketi vibandani wenyewe, ili akina mama wakiuliza swali kuwe na mtu wa kujibu.